Bukavu: viti vya ofisi vinahesabiwa, kanivo hazihesabiwi

Mvua ya saa moja tu inatosha. Maji yanashuka kutoka juu ya Kadutu, yanabeba kila kitu kilichoachwa pembeni ya njia: sashe, chupa za plastiki, maganda ya ndizi, udongo mwekundu uliochimbwa kwa msingi wa nyumba mpya. Yanaingia ndani ya kanivo, na kama kanivo imejaa, yanapita juu ya lami na ndani ya nyumba za watu. Sehemu kubwa inaishia katika mto Kawa, na kutoka Kawa inaingia ziwa Kivu. Ziwa hilo liko na mlango mmoja tu wa kutokea, ni mto Ruzizi. Na pale mlangoni, kilomita chache kutoka ziwani, kuna baraji ya Ruzizi I.

Baraji hiyo ilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Bukavu ilikuwa muji mdogo wa maua na majumba machache. Iko na mashine nne, uwezo wake ni karibu megawati 30. Kwa miaka mingi sasa wafanyakazi wa SNEL wanapambana pale na takataka zinazoelea juu ya maji, wanazitoa, kesho yake zimerudi. Zinaziba vyuma vya kuchuja, zinapunguza maji yanayoingia, na zinapopenya zinaumiza mashine. Mashine ikisimama, kuran inakatika. Mama wa Cimpunda aliyetupa sashe ndani ya kanivo, sababu hakuna pubeli kwenye avenyu yake, anaweza kukaa gizani juu ya ile ile sashe.

Hiyo habari kila mkaaji wa Bukavu anaijua. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba kati ya ile sashe na ile mashine kuna ofisi nyingi zilizopaswa kuizuia, na hakuna hata moja iliyoizuia. Kuran ikikatika, watu wanasema SNEL. Nyumba ikiingiwa na maji, wanasema meya. Barabara ikikatika, wanasema gavana, ao Kinshasa. Kila jina linalotajwa liko na kosa lake kidogo, lakini hakuna lenye kosa lote, na kila ofisi inajificha nyuma ya ingine.

Mikono mingi, mwenyewe hakuna

Mfano mzuri ni kanivo moja ya kawaida, pembeni ya avenyu yenye lami. Mara nyingi imejengwa na OVD, ofisi ya taifa ya barabara za ndani ya miji na mifereji yake, kwa feza zilizotoka Kinshasa ao kwa mradi wa mfadhili. Lakini ile barabara ikitoka nje ya muji na kuelekea Goma ao Uvira, inakuwa ya Ofisi ya Barabara, sababu ni barabara ya taifa. Njia za mashambani zinaangukia ofisi ya tatu. Ofisi hizo tatu zinangojea feza za FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo unalishwa na kodi iliyo ndani ya beya ya mafuta ya gari, pamoja na feza za peaje. Ni kusema motari anayenunua esanse Nyawera asubuhi amekwisha kulipia matengenezo ya barabara hata kabla ya kupata mteja wa kwanza. Hakuna anayemwambia, na yeye hana pa kuuliza zile feza zimetengeneza nini.

Ndani ya kanivo hiyo hiyo kunapita bomba za REGIDESO, pamoja na zile ndogo ndogo ambazo watu wamejiunganishia wenyewe. Bomba ikipasuka, maji ya kunywa na maji machafu yanakutana, na hii ni inchi ambayo kolera haijawahi kwenda mbali. Mlingoti wa SNEL umesimama kwenye ukingo. Kibanda cha kuuza yunite za simu kimewekwa juu ya saruji inayofunika kanivo, na mwenye kibanda analipa tikete kila siku, ana karatasi mkononi, kwa hiyo anaona ana haki ya kukaa pale. Nyuma ya kibanda kuna nyumba ambayo ukuta wake umesogea mwaka baada ya mwaka mpaka umepanda juu ya mfereji. Mwenye nyumba naye ana karatasi: hati ya kiwanja kutoka ofisi ya ardhi, ambayo ni ya serikali ya taifa, na labda ruhusa ya kujenga kutoka kwa watu wa urbanisme. Kuzibua kanivo inasemwa ni kazi ya wakaaji. Kuondoa takataka ni ya watu wa mazingira wa muji, ao ya chama kinachopita nyumba kwa nyumba na kulipwa na wale wanaoweza kulipa.

Kwenye karatasi, mwenyewe anajulikana. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekta na sheferi inaweka usafi, mifereji, masoko, taa za barabarani na utunzaji wa njia za ndani kwenye mikono ya muji na komine. Sheria ya maji ya Desemba 2015 iliongeza huduma ya maji, ikaiweka chini ya majimbo na serikali hizo za chini. Shida ni kwamba sheria zilihamisha jukumu tu. Mainjenia, mashine na lori hazikuhamia pamoja nalo, wala bajeti. OVD imebaki na wataalamu lakini inangoja amri na feza kutoka mbali. Muji umebaki na wajibu, pamoja na matusi ya watu siku ya mvua.

Komine haina lori, OVD haina amri, na kanivo imejaa.

Meya asiyejua atakaa mpaka lini

Sheria ile ya 2008 ilifikiri juu ya meya wa aina ingine kabisa. Wakaaji wangechagua washauri wa komine, hao wangechagua washauri wa muji, na washauri wa muji wangechagua meya. Meya angekuwa na watu wa kumuuliza kila mwaka, wakati wa kupitisha bajeti: zile kanivo za Kadutu tulizoandika mwaka jana, zimefika wapi? Kwa miaka kumi na tano hilo lilibaki maandishi. Uchaguzi wa kwanza wa washauri wa komine ulikuja Desemba 2023, siku moja na ule wa rais na wabunge, na hatua zilizopaswa kufuata hazikufuata upesi. Muda huo wote meya alibaki mtu wa kuteuliwa. Amri ya rais inasomwa kwenye RTNC usiku, asubuhi muji una meya mpya. Amri ingine inasomwa, naye anafunga mizigo.

Huko Kivu ya Kaskazini na Ituri mambo yalipinduka zaidi: tangu Mei 2021, chini ya hali ya kuzingirwa, maofisa wa polisi ndio walikaa kwenye viti vya mameya. Halafu vita. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Viongozi wengine wakawekwa. Nani ana haki ya kukaa kwenye ofisi hiyo ni swali kubwa kuliko kanivo yoyote, na damu imemwagika juu yake. Lakini maji yanayoshuka kutoka Kadutu hayaulizi nani anatawala, na shimo lililoanza kwa utawala mmoja linapanuka kwa utawala mwingine.

Kwa upande wa matengenezo, shida ya meya wa namna hii inaeleweka hata bila kumtukana mtu. Mtu ambaye hajui kama atamaliza mwaka atachagua kazi inayoonekana ndani ya miezi sita. Mzunguko wa barabara upakwe rangi, sanamu iwekwe, mita mia tatu za lami zizinduliwe mbele ya kamera. Hakuna aliyewahi kualikwa kukata utepe kwa sababu kanivo imesafishwa. Kanivo iliyotunzwa vizuri haionekani. Inaonekana tu siku inapoziba. Na mwenye kuitunza mwaka huu anamtunzia meya wa baadaye, ambaye labda hata hamfahamu.

Kuna desturi moja ya ofisi za Congo inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko hotuba. Ni ile inayoitwa remizi-reprizi. Kiongozi wa zamani na mpya wanakaa meza moja, karatasi inasomwa na kutiwa sahihi: gari ngapi, viti vingapi, kompyuta, muhuri, orodha ya wafanyakazi, kesi zinazongoja. Watu wanapiga picha, wanapeana mikono. Viti vinahesabiwa mpaka kile chenye mguu uliovunjika. Kanivo, daraja, vyoo vya soko, taa za barabarani, hizo hazimo. Muji unapokezwa kama vile ni ofisi yenye fanicha tu. Kiongozi mpya anaanza bila kujua ana kilomita ngapi za mifereji, ipi ilizibuliwa lini, ipi imepasuka chini kwa chini na itaanguka mvua ijayo.

Feza: mia, arobaini, kumi na sita

Jibu la kwanza la kila ofisi ni kwamba feza hakuna. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na hesabu yake si ngumu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, inasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika ile sehemu ya majimbo, miji, komine, sekta na sheferi ziko na haki ya asilimia 40. Ni kusema kwa kila franga mia za taifa, arobaini ni za majimbo, na kati ya hizo arobaini, kumi na sita zinapaswa kufika chini, mahali kanivo iko.

Kinachotendeka ni kingine. Kinshasa inakusanya yote, kisha inarudisha kidogo kwa kile watu wa ofisi wanaita retrosesio. Inakuja ikiwa imechelewa, inakuja pungufu, na jimbo nalo likiwa na njaa yake haliharakishi kuipeleka chini. Meya anayepanga kazi ya mwaka kwa feza hiyo ni kama mama anayepika akingojea unga ulioahidiwa na jirani.

Kwa hiyo muji unaishi kwa makuta ya kila siku: tikete za soko, parking, kodi ndogo ndogo zilizotajwa kwenye amri-sheria ya Machi 2018. Feza za kila siku zinaliwa na mahitaji ya kila siku: karatasi, mafuta ya gari ya kazi, posho za mawakala ambao hawana matrikili na hawapo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Matengenezo yanataka kinyume chake, yaani feza kidogo lakini za hakika, zinazowekwa pembeni kabla ya kitu kuharibika. Bajeti ya siku kwa siku haiwezi hilo, hata meya akiwa malaika.

Lakini feza peke yake haimalizi habari. Sheria ya madini iliyobadilishwa Machi 2018 inapeleka asilimia 15 ya mrahaba wa madini moja kwa moja kwa komine, sekta ao sheferi yenye mgodi. Huko Lualaba kuna komine na sekta zilizoona feza ambazo Bagira haitaziona kamwe. Malalamiko juu ya matumizi yake hayakuisha, yalianza upya. Ilijengwa hii, ikajengwa ile, na swali la nani atatunza lilibaki palepale. Mwenye feza bila daftari anajenga tu vitu vingi zaidi vya kuharibika.

Namna barabara inavyokufa

Inafaa kueleza jambo ambalo mainjenia wanalijua na wakaaji wanaliona bila kuambiwa. Lami haiuawi na gari, inauawa na maji. Juu kuna ngozi nyembamba ya lami, chini yake kuna mawe na udongo ulioshindiliwa, na nguvu yote ya barabara iko huko chini. Ngozi ikipasuka kidogo na kanivo iko wazi, maji yanateremka pembeni, hakuna neno. Kanivo ikiziba, maji yanakaa juu ya lami, yanaingia kwenye ule ufa, yanalainisha chini. Lori la simenti linapita mara moja, mara mbili, udongo unatapika juu, shimo linazaliwa. Ufa ule ungefungwa kwa kazi ya siku moja, watu wanne na pipa la lami. Shimo linataka kukata, kuondoa, kushindilia upya. Shimo likiachwa misimu miwili, inabidi kujenga barabara upya, na hapo muji hauwezi tena, unangojea mradi. Mradi unakuja baada ya miaka, unajenga, watu wanashangilia, na kanivo mpya inaanza kuziba kuanzia mvua ya kwanza.

Kwa hiyo mtu anayezibua kanivo kwa beleshi anafanya kazi ya feza nyingi kuliko yule anayemwaga lami. Hakuna mahali Congo ambapo analipwa hivyo.

Na pale ambapo maji ni ya mto, bei inakuwa uhai wa watu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira. Makumi ya watu walikufa, makumi ya maelfu walibaki bila nyumba, daraja lilichukuliwa, na huduma ya maji safi ilivurugika katika muji unaojulikana kwa kolera. Desemba 2022 ilikuwa zamu ya Kinshasa: zaidi ya watu mia walikufa kwa usiku mmoja wa mvua, na barabara ya taifa namba 1, ile inayounganisha muji mkuu na bandari ya Matadi, ilikatika Mont-Ngafula. Si kila kifo cha mvua kinaweza kuwekwa kwenye shingo ya meya. Milima imevuliwa miti, mvua nazo zimekuwa kali. Lakini mto unaopita muji na kitanda chake kimejaa takataka na nyumba haungojei mvua ya ajabu ili kuua.

Salongo inaweza nini

Kila baada ya balaa, neno linalorudi ni salongo. Liko nasi tangu miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, na kila utawala unalipokea kwa furaha kwa sababu halina bei. Asubuhi maduka yanafungwa, watu wanatoka na majembe, shefu wa kartye anazunguka. Wanaochelewa kufungua duka wananung'unika, wanaofungua kabla ya saa wanalipa faini. Na kweli kanivo inafunguka, maji yanapita, kwa wiki moja avenyu inaonekana kama ya watu wanaojipenda.

Halafu? Udongo mweusi uliotolewa umewekwa pembeni, kwenye ukingo ule ule, sababu hakuna lori la kuupeleka mahali, na hata lori likiwepo, mahali pa kumwaga hapajulikani vizuri. Mvua inayofuata inaurudisha ndani. Njo vile iko, mwaka hadi mwaka: udongo ni ule ule, unatolewa na kurudi. Salongo haikushindwa kwa sababu watu wa Bukavu ni wavivu. Imeshindwa kwa sababu nusu ya kazi ni ya wakaaji na nusu ingine ni ya muji, na nusu ya muji haiji.

Vilevile marufuku ya sashe. Serikali ya taifa ilitia sahihi amri ya kukataza vifungashio vya plastiki mwishoni mwa Desemba 2017. Sashe ziko sokoni mpaka leo. Amri bila mtu wa kuisimamia kwenye meza ya muuzaji, na bila kikapu cha bei ndogo cha kuziba nafasi yake, ni karatasi ingine tu.

Mfano usiotoka mbali

Wakati watu wanatafuta mfano wanakimbilia Ulaya ao inchi jirani. Lakini kuna mmoja ndani ya Congo, kwenye njia za vumbi za Maniema, Tshopo na Kasai. Huko, kwa miaka mingi, miradi mbalimbali imetumia vikundi vya wakaaji vinavyoitwa CLER, kamati za mahali za kutunza barabara. Kila kikundi kinapewa kipande chake cha njia na mkataba. Wana beleshi, mapanga, toroli. Wanakata majani, wanafungua mitaro, wanajaza shimo likiwa bado dogo, wanalipwa kufuatana na kilomita walizotunza. Kuna pia kizuizi cha mvua: mti unashushwa barabarani, lori linangoja masaa kadhaa mpaka udongo ukauke kabla ya kupita. Madereva wanalalamika, wanafunga injini, wanalala chini ya gari. Njia inapona.

Wazo si jipya. Wazee wanakumbuka kantonye wa wakati wa Wabelgiji, mtu na kilomita zake. Wanakumbuka fimbo pia, na hakuna anayetaka fimbo irudi. Kinachofaa kuchukuliwa ni kwamba kila kipande cha njia kilikuwa na mtu anayejulikana kwa jina. Na miradi ya CLER yenyewe iko na udhaifu wake unaofundisha: mahali mfadhili aliondoka na hakuna ofisi ya mahali iliyoweka malipo kwenye bajeti yake, vikundi vililegea na majani yakarudi. Si kazi kubwa iliyokosekana pale. Ilikosekana mishahara midogo, inayolipwa kila mwezi bila kukosa.

Kwa muji kama Bukavu, hilo lingekuwa na maana gani? Kwanza daftari. Shefu wa avenyu anajua kanivo zake kuliko injenia yeyote: wapi inaanza, wapi inaziba, nani amejenga juu yake. Ibanda, Kadutu na Bagira zikikusanya habari hizo avenyu kwa avenyu, muji unapata kwa bei ya madaftari na kalamu kitu ambacho haujawahi kuwa nacho: orodha ya mali yake. OVD inaweza kuweka vipimo juu yake. Daftari hilo likiingia kwenye remizi-reprizi, likasomwa kwa sauti pamoja na viti na gari, meya anayeondoka anaonyesha ameacha nini, na anayeingia hawezi tena kusema hakujua.

Kisha mstari mmoja kwenye bajeti wenye jina la matengenezo, uliotenganishwa na uendeshaji, hata kama ni mdogo. Sehemu fulani ya tikete ya soko la Kadutu, kwa mfano, iandikwe ukutani pale pale sokoni: mwezi huu ziliingia hizi, zililipa watu hawa, wakazibua kutoka hapa mpaka pale. Wauzaji wa soko ni wakaguzi wakali. Hawatahitaji semina.

Sehemu ngumu iko kwingine, na haifai kuificha. Siku daftari litakapokamilika, litaonyesha ni nyumba ngapi, maduka mangapi na kuta ngapi zimekaa juu ya mifereji, na nyuma ya nyingi kati ya hizo kuna sahihi na muhuri wa ofisi za serikali. Kila mkaaji anajua alama ile nyekundu ya msalaba inayopakwa kwenye ukuta: ibomolewe. Anajua pia kwamba alama hiyo inaanza na kibanda cha mama wa ndagala, na nyumba ya ghorofa inaangaliwa mwisho, ikiwa itaangaliwa. Wengi wa wale wa vibanda na vijumba vya milimani walifika wakikimbia vita, kutoka Kalehe, Shabunda, Mwenga. Walijenga mahali walipoonyeshwa, na walilipa yule aliyewaonyesha. Meya anayeanza kubomoa chini anaongeza hasira bila kufungua maji. Akianza juu, anagusa watu wanaoweza kupiga simu Kinshasa, ao kwa yeyote mwenye nguvu kwa wakati huo. Hapo ndipo kukosa manda ya wakaaji kunauma zaidi: hana mtu wa kusimama nyuma yake.

Kwa Bukavu mvua inapumzika kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Ni miezi ambayo kanivo zinakauka, udongo unakuwa mwepesi, na mtu anaweza kuona ufa wa saruji kwa macho. Mwezi wa tisa mvua inarudi. Kwenye avenyu nyingi za Kadutu, rundo lililotolewa salongo iliyopita bado liko pale pale pembeni, watoto wanaruka juu yake wakienda shuleni.